Maswali ya Wasomaji: Mwenye Marejeo Mengi Ndiye Mtafiti Bora?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Mikindani, Mtwara. Wanangu wawili ni watafiti wa chuo kikuu: wa kiume anachunguza magonjwa ya mikorosho, hasa ubwiriunga, na wa kike anaandika historia ya Kilwa. Idi iliyopita shemeji yangu alifungua simu, akasoma kwamba kijana ana kipimo cha h cha 19 na dada yake 5, kisha akatangaza mbele ya wageni kuwa mmoja anafanya kazi na mwingine anapokea mshahara tu. Binti alinyamaza. Namba hizo maana yake nini, na hukumu ile ni ya haki?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Hukumu ile si ya haki, na kosa lake linaonekana ukiifuata hesabu yenyewe.

Kipimo cha h kilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga machapisho ya mtafiti kuanzia lile lililorejelewa na wenzake mara nyingi zaidi, kisha shuka ukihesabu, mradi marejeo ya kila chapisho hayapungui nafasi yake kwenye orodha. Tuseme makala zake sita zimerejelewa mara 40, 22, 9, 6, 5 na 3. Ya tano ina marejeo 5, ya sita ina 3 tu, kwa hiyo unasimama kwenye ya tano, na h yake ni 5. Aliyeandika kitabu kimoja maishani, hata kikirejelewa mara 3,000, h yake ni 1. Hirsch mwenyewe alieleza kwamba wanabaiolojia huwa na h kubwa kuliko wanafizikia, yaani hata yeye hakuona taaluma zote kuwa shamba moja.

Watafiti wa mimea huandika makala fupifupi kwa pamoja, na makala yenye majina saba huhesabiwa nzima kwa kila mmoja wao. Mwanahistoria hukaa miaka na hati na vigae, mara nyingi peke yake, ndipo atoe kitabu. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa Kisiwani, alitoa kazi yake kubwa kuhusu mji huo mwaka 1974, na ni vigumu kuandika juu ya Kilwa bila kuipitia. Kwenye h inaongeza moja tu. Sisi wa Kusini tunaijua kangomba, ambapo korosho hupimwa kwa bakuli badala ya mizani. Shemeji yako, kwa heshima zote, amefanya kangomba.

Wakati nao una mambo yake. Mlipuko wa homa ya chikungunya, ambayo jina lake linatokana na Kimakonde kwa jinsi inavyomkunja mgonjwa, ulichunguzwa katika nyanda za Wamakonde mwaka 1952 na 1953, na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakachapisha makala zao mwaka 1955. Homa hiyo ilipokikumba kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, makala za nusu karne zikawa chanzo ambacho kila mchunguzi alihitaji kurudi kwake. Hakuna herufi iliyobadilika ndani yake; kilichobadilika ni haja ya wasomaji.

Tena inategemea nani anahesabu. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta kazi za kitaaluma, huokota vitabu na tasnifu nyingi ambazo hifadhidata za Web of Science na Scopus hazizioni, na makala ya Kiswahili katika jarida kama Mulika inaweza kukosekana kabisa. Kama binti amechapisha kwa Kiswahili, ile 5 huenda ni pungufu. Kuna pia suala la majina: mtu anayeandika leo kwa majina mawili na kesho kwa matatu huweza kugawanywa kuwa watu wawili. Ajisajili ORCID, daftari la kimataifa la watafiti, ambako kila mtafiti hupewa namba ya tarakimu 16 isiyogongana na ya mwingine.

Ukitaka kumlinganisha, mlinganishe na wanahistoria walioanza kazi miaka aliyoanza yeye, kisha uliza kazi zake zinarejelewa na nani na kwa lipi, kwa kuwa makala hurejelewa hata inapopingwa. Bora zaidi, mwombe nakala uisome. Wewe ni mwalimu. Utajua kama imeandikwa na mtu aliyelala.