Mahindi kuwa manjano baada ya yurea: chunguza mizizi kabla ya kuongeza mbolea

Ndugu, umeeleza kwamba mahindi yako yamekuwa manjano baada ya wiki ya mvua kubwa, ingawa uliyawekea yurea, na unauliza kama uongeze mbolea. Nakusihi usiongeze kwanza. Mimi niliwahi kuongeza katika shamba lililotuamisha maji nikaipoteza yote, kwa kuwa sikuelewa kwamba mizizi ilikuwa imeshindwa kufanya kazi.

Mzizi hauvuti nitrojeni, kirutubisho kinacholetwa na yurea, kama utambi unavyovuta mafuta. Yurea huvunjwa udongoni ikawa amoniamu, aina moja ya nitrojeni, ambayo hushikwa na chembe za mfinyanzi. Kisha bakteria huigeuza kuwa nitreti, aina nyingine ya nitrojeni, ambayo haishikwi bali husafiri na maji, na mvua ikizidi huzama chini kupita mizizi. Nitreti inayobaki nayo haijipenyezi yenyewe, kwani kwa kawaida ndani ya seli za mzizi imo nyingi kuliko nje. Mzizi husukuma protoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji chanya, nje ya utando wa seli, na protoni hizo zinaporudi huingia pamoja na nitreti. Kazi hiyo hula nishati inayotokana na sukari iliyoletwa kutoka majanini, na mzizi hauwezi kuitumia sukari hiyo ipasavyo bila oksijeni. Udongo ukijaa maji, oksijeni huisha, mzizi hulegea, na bakteria wa aina nyingine huigeuza nitreti kuwa gesi ikapotea hewani.

Nitreti iliyoingia hurudishwa kuwa amoniamu kwa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, ndipo mmea hutengeneza asidi amino (vijenzi vya protini), protini na umbijani, ile rangi ya kijani ya majani. Ikipungua, mmea huvunja protini za majani ya zamani na kuyalisha machanga. Ndiyo maana, katika mahindi, umanjano huanzia majani ya chini, ukitoka nchani kufuata mshipa wa kati kama herufi V.

Ng'oa mche mmoja kwa uangalifu. Mizizi ikiwa ya kahawia na laini, chimba mifereji na usubiri udongo upate hewa. Nilipofanya hivyo msimu uliofuata, vijimizizi vyeupe vilichipua upya, nami ndipo nikaweka kiasi kidogo cha mbolea na kukifukia, kwa sababu yurea ikiachwa juu ya udongo hupoteza nitrojeni hewani kama gesi ya amonia. Usichelewe mno, kwani mahindi hufyonza nitrojeni kwa kasi kubwa zaidi katika wiki chache kabla ya kutoa mbelewele.