Ngano inapita kwangu, hela haipiti

Mama mkubwa, shikamoo. Nimeisikiliza sauti yako mara mbili. Unasema pale sokoni Mbuyuni wanakwambia mwanao yuko bandarini Romania, ngano yote ya Ukraine inapita mikononi mwake, iweje wewe uumie na bei ya unga wa maandazi, na yeye atume laki moja tu?

Inapita kweli. Mimi ni mfagiaji. Meli ikija kupakia nafaka hapa Constanța, tunashuka kwa ngazi hadi tumboni mwake kukwangua mabaki ya shehena ya zamani, maana mkaguzi akiona hata kidogo, hakipakiwi kitu. Vumbi lile linawasha kuliko la mashine ya kukobolea. Usiku nikipenga, kamasi ni ya kijivu. Niliwaambia mimi ni karani. Nisamehe, mama.

Kuhusu bei, hakuna anayekuibia. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bandari za Ukraine zilifungwa na nafaka kama tani milioni 20 zikakwama maghalani. Iliyoweza kutoka ilitoka kwa malori, kwa matishari ya mto Danube, na kwa treni. Reli yao ni pana kuliko ya huku, kwa hiyo mpakani ngano inamwagwa na kupakiwa upya, na kila inapomwagwa kuna mtu analipwa. Yale makubaliano ya Istanbul, ya kuruhusu meli za nafaka kutoka Ukraine kupita baharini, yalipitisha karibu tani milioni 33, halafu Urusi ikajitoa Julai 2023, na bandari za mtoni za Ukraine, Izmail na Reni, zikaanza kupigwa droni. Bima ya meli nayo ikapanda. Yote hayo yanaishia kwenye karai lako. Hata bei ya mbolea ya urea iliyomliza baba mwaka ule ilitokana na vita hivi, kwa sehemu.

Kwenye foleni ya malori dereva mmoja wa Mykolaiv, Ukraine, alinionyesha trekta lake kwenye simu. Lilikanyaga bomu shambani, limepasuka katikati kama boga. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti, haongei. Yeye shamba lake limetegwa. Mimi kihamba cha baba hakina bomu hata moja, kina migomba na kahawa, nikakiacha. Siku ile sikula.

Godi, najua na wewe unausoma ujumbe huu: usije. Nusu ya mshahara wangu bado inalipa deni la wakala aliyenileta, na chumbani tuko wanne. Usiuze hata mche mmoja wa kahawa kwa ajili ya nauli. Ila kama umeshaamua, najua ulivyo mbishi, mkataba usome mwenyewe neno kwa neno, pasipoti usimwachie mtu, na uje na soksi nzito. Nitakupokea. Lakini usije.

Mama, Jumamosi natuma laki na nusu. Hiyo hamsini ya juu ni ya unga, asiiguse mtu.