Re: Erin Hills haina bahari, kwa nini waiite linksi?

Kaka, umeuliza iweje Erin Hills, uwanja wa gofu wa Wisconsin, Marekani, mbali na bahari, uitwe linksi, yaani ufananishwe na viwanja vya gofu vya pwani ya Uskoti, na ujiandae vipi kabla ya safari.

Jibu liko ardhini. Barafu ya kale ilipoyeyuka iliacha vilima, mabonde na changarawe. Waliouchora uwanja huo uliofunguliwa mwaka 2006 hawakuusawazisha sana. Miti ni michache, upepo haukingwi na chochote, na nyasi za njia kuu ya kuelekea shimo ni aina ya feskyu, nyembamba na kavu. Mpira ukitua hausimami, unakimbia. Mimi niliupiga juu kama nilivyozoea nyumbani, ukagusa ukingo wa grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, ukageuka taratibu na kurudi karibu miguuni pangu. Kedi, mbeba fimbo wangu, akacheka tu.

Kwa hiyo jifunze kuuburuza mpira chini chini. Ukiwa hatua thelathini kutoka grini, chukua fimbo namba 7, au hata pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, uuache mpira ufuate mteremko. Kwenye nyasi ndefu usijifanye shujaa, utoe mpira humo kwanza.

Usidhani ni rahisi kwa sababu ya US Open ya 2017, mashindano makubwa ya gofu yaliyochezwa hapo, Brooks Koepka aliposhinda kwa mikwaju 16 chini ya pa, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Wiki ile mvua ililainisha ardhi.

Jambo jingine, magari ya gofu hakuna, ni miguu mwanzo mwisho. Viatu vipya viache nyumbani. Ukifika shimo la 18, inua macho uone minara ya kanisa la Holy Hill.