Barua kwa mwanangu: ile baiskeli ya pembetatu

Nansio, Ukerewe

Mwanangu,

Salamu zimefika, na zile picha tatu nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Unauliza: "Mama, nimeona baiskeli ya mtumba ya kukunja, haina mnyororo, jamaa anataka laki mbili na themanini. Ninunue ya kwendea kazini?" Ungenipigia ningekujibu "achana nayo" na kukata. Sasa nimelala nayo siku mbili, na sisemi achana nayo.

Marehemu baba yako angecheka. Kwake baiskeli ilikuwa Phoenix, ya kubeba gunia la mihogo na mimi juu yake. Lakini baba yako hakupanga chumba juu ya mawe ya Igogo, hapo Mwanza. Hapo kwako hata mwenye viatu vizuri anapanda akishika jiwe. Phoenix ungeilaza wapi? Dukani kwa watu huko chini, uamke asubuhi ukute imebaki kufuli. Kwa hilo la kukunja nakuunga mkono. Na kutoka barabarani hapo mpaka kazini kwako karibu na kivuko cha Kamanga si safari ya kumtajirisha bodaboda kila siku.

Mdogo wako alinisomea habari zake. Inaitwa Strida, fremu yake ina umbo la pembetatu, aliibuni Mwingereza Mark Sanders akiwa bado mwanafunzi, ikaingia sokoni 1987. Ikikunjwa haiwi kifurushi, inakuwa kama mwichi wenye magurudumu mawili chini, unausukuma ukitembea. Lami inafaa. Kwenye mawe yako utaibeba begani, kilo kama kumi hivi, kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei ibebe kwanza. Panda nayo ngazi yoyote iliyo karibu, muuzaji akushangae tu.

Sasa niseme la dukani. Miaka niliyouza spea hapa Nansio, walioniliza si wenye baiskeli mbovu, ni wenye baiskeli ngeni. Mwalimu mmoja aliniletea ya kukunja, tairi imeandikwa 16. Nikampa tairi ya 16 ya baiskeli ya mtoto. Tulivuta, tukapaka sabuni, tukavuta tena, kucha yangu ikang'oka. Haikuingia. Kumbe kuna 16 mbili: ya watoto ubavuni ina namba ndogo 305, na ile ya baiskeli kama Brompton ni 349. Rimu imepishana milimita 44, utavuta mpaka kesho. Nikamrudishia hela yake. Tangu siku hiyo sisomi namba kubwa, nasoma ile ndogo iliyojificha. Kwenye picha yako ya pili, chini ya matope, nimeona 305. Mwanangu, hapo nilishusha pumzi. Tairi na tyubu utapata duka lolote la baiskeli Mwanza.

Kinachonikosesha usingizi ni mkanda. Pale penye mnyororo pana mkanda wa mpira wenye meno, mfano wa ule wa ndani ya injini ya gari. Ni msafi, hautaki oili, hautachafua suruali yako ya ofisini. Lakini ukikatika, hakuna fundi atakayekuungia, na Mwanza nzima utauliza mpaka uchoke. Kwa hiyo uchunguze kwa tochi. Zungusha pedali taratibu, hesabu meno yaliyolika, ukunje kidogo uone kama una nyufa mgongoni. Kisha kaa juu yake, bana breki ya mbele, ukandamize pedali kwa nguvu. Mkanda ukiruka na kulia "tak!", mrudishie mwenyewe, muage kwaheri. Na umuulize kama ana mkanda wa akiba. Mwenye baiskeli ya namna hii kwa kawaida anajua shida yake. Akijifanya hakuelewi, ujue anakuelewa sana.

Baadaye nenda kwenye viungo. Shika usukani kwa mkono mmoja na siti kwa mwingine, uitikise. Mlio mdogo si neno, lakini ikicheza kama jino bovu, hapana. Futa vumbi pale bomba la chini linapojifunga mbele, utafute ufa mwembamba kama unywele. Ni aluminiamu ile. Fundi wa mageti atakwambia "naweza, mama yangu", atachomelea, na itakufia katikati ya daladala mbili.

Uendeshaji wake nao si wa kawaida. Usukani ni mwepesi mno, kwa hiyo ile tabia yako ya mkono mmoja simu, mmoja breki, iache. Haina gia, na mlimani usisimame kwenye pedali, shuka ukokote. Hakuna anayekucheka, Mwanza wote tunakokota. Gurudumu dogo hivyo mtaro wa maji ya mvua unalimeza, Phoenix ya baba yako ilikuwa inauruka. Mvua za masika panda daladala.

Bei. Akiwa na mkanda wa akiba, mpe mbili na hamsini, akikaza mwongeze hiyo thelathini. Akikosa mkanda, anzia laki na ishirini na usipite moja na nusu, kwa sababu hiyo tofauti yote ndiyo nauli ya mkanda kutoka nje.

Pampu ya baba yako bado ipo uvunguni. Nipigie picha ya valvu: ikiwa nyembamba kama za huku, naiweka kwenye meli na dagaa wako. Ikiwa nene kama ya pikipiki, haitaingia, nitatuma dagaa peke yake.

Mama yako