Ng'ombe wetu mnamchinja kwa mkasi

Natumia split(' '), amri ya lugha ya programu ya Python, kukata sentensi kuwa maneno, lakini orodha inajaa maneno matupu. Python ina kasoro gani?
Haina. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ukiitaja nafasi, Python inakutii: penye nafasi mbili zilizofuatana inakupa neno tupu katikati. Andika split(), mabano yakiwa wazi, itameza nafasi, tabu na mistari mipya kwa mkupuo. Maneno matupu tunayasikia ya kutosha kwenye mikutano.

Nahesabu maneno kwenye insha za wanafunzi kwa regex (kiolezo cha kutafutia matini) ya \w+. Mbona "ombe" linajitokeza kila mahali?
Ni ng'ombe, ndugu yangu, umemchinja mwenyewe. Hiyo \w inatambua herufi, tarakimu na mstari wa chini, ritifaa (') haimo. Ng'ombe anatoka vipande viwili, ng'ang'ania vitatu: ng, ang, ania. Walioibuni hawakuifikiria ng' yetu, sawa. Wewe unayesahihisha insha za Kiswahili una kisingizio gani?

Tumia \w+(?:['’]\w+)*, inayokubali ritifaa katikati ya neno. Tazama vizuri: ritifaa ni mbili, iliyonyooka na iliyopinda. Word huipinda yenyewe, simu nyingi huiacha imenyooka. Ukiweka moja tu, wanafunzi wawili walioandika neno lilelile watapata hesabu tofauti, na lawama utaibeba wewe. Wala usizifute zote eti kurahisisha kazi. Ng'oa ya jino itageuka ngoa ya wivu.

Kukata kwenye nafasi kunatosha kwa lugha zote?
Jaribu Kichina au Kithai, ambako maneno huandikwa bila nafasi kati yake, kisha uniandikie tena.

Naomba programu nzima ya lugha ya C inayotumia strtok, amri yake ya kukata matini.
Sikuandikii. Ila jua kwamba strtok inaharibu matini unayoipa: kila inapokata, huweka baiti ya sifuri, alama ya mwisho wa matini, juu ya kitenganishi. Tengeneza nakala kwanza.

"Aliyenipikia" ni neno moja au nilikate?
Kwa kuhesabu, moja. Kwa kutafuta ni habari nyingine, maana anayetafuta "pika" hatalipata. Ndani yake mna a-li-ye-ni-pik-i-a, na kuzitenganisha kunataka kichanganuzi, yaani programu inayojua sarufi. Nimeona watu wanafuta "ali" mwanzoni mwa kila neno na kujisifu wamemaliza. Alizeti ikabaki zeti. Mweleze hivyo mkulima wa Singida.