Levo inaruka na X na Y zimetulia? Angalia hewa kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja wa fani ya upimaji ardhi kanitumia meseji, yuko saiti milimani anapima kwa GPS, pointi ileile asubuhi na jioni levo, yaani kimo chake, zinapishana sentimita sita na bosi keshamwambia hajui kupima kimo cha antena. Aisee nilicheka halafu nikakasirika, maana kauli hiyohiyo mimi nililishwa mbele ya wenzangu.

Kampuni siitaji. Risiva moja ya GPS tuliiweka Mombo, nyingine juu Lushoto, tofauti ya kimo kama mita elfu moja hivi. Kiangazi data zikatoka safi, tukarudi masika levo ya juu imehama sentimita saba, wakati X na Y, yaani mahali pake kwenye ramani, hazijatikisika. Kijana hajui kushika futi ya kupimia kimo cha antena, akasema mzee, bosi wangu. Picha za futi kwenye tripodi nilikuwa nazo kwenye simu, mwanzo wa kipimo na mwisho, hakutaka hata kuziangalia.

Sasa sikilizeni. Ionosfia, tabaka la juu lenye chaji, risiva ya frikwensi mbili inaimaliza, lakini troposfia, hewa ya chini yenye mawingu, inachelewesha mawimbi ya setelaiti ya frikwensi zote sawasawa, kwa hiyo hapo risiva ya bei mbaya haikusaidii kitu. Usawa wa bahari hewa kavu iliyo juu ya kichwa chako inaongeza kama mita 2.3 kwenye umbali wa setelaiti, Nairobi kwa sababu ya mwinuko ni kama 1.9, na ukiwa na presha fomula ya Saastamoinen inakupa hiyo sehemu vizuri tu, ukikosea hPa moja ya presha umekosea milimita 2.3. Balaa ni mvuke. Huo unaweza kufika hata sentimita 40 na unabadilika na wingu lililopita. Programu nyingi za ofisini hazikuulizi, zinaweka hewa ya kitabuni: presha 1013.25, joto nyuzi 18, unyevu asilimia 50. Nyuzi 18 Mombo, mwezi wa nne, jamani!

Na kwa nini iumie levo peke yake? Setelaiti za mashariki na magharibi zinavutana, kosa linafia katikati, ila chini ya miguu yako hakuna setelaiti ya kuvuta upande wa pili. Halafu ukitazama za juu tu, kimo, saa ya risiva na hewa vinafanana kama mapacha. Wa kuvitenganisha ni zile za chini karibu na upeo wa macho, ambako kwenye pembe ya nyuzi 5 ucheleweshaji ni kama mara kumi ya ule wa utosini. Ukikata zote zilizo chini ya nyuzi 20, sentimita moja ya kosa la hewa kati ya pointi zako mbili inazaa karibu tatu za levo. Hata wenye darubini za redio kama Hartebeesthoek kule Afrika Kusini, wanaopimia kwaza, vyanzo vya redio vya mbali mno angani, badala ya setelaiti, wanasumbuliwa na hilihili.

Ila ukitumia hizo za chini unategemea modeli ya kugeuza ucheleweshaji wa utosini kuwa wa pembeni. Ile ya Niell ya 1996, ambayo bado imo kwenye programu kibao, chini ya latitudo 15 haina msimu kabisa, yaani kwake Tanzania nzima, Kenya na Uganda, Julai na Desemba ni hewa moja! Modeli ya VMF1 ya 2006 kutoka Vienna inatumia data za utabiri wa hali ya hewa kila masaa sita, chukua hiyo.

Mimi nilichofanya nilirudia hesabu, nikaiacha programu ikadirie mvuke yenyewe kwa kila pointi, nikashusha kikomo cha pembe ya setelaiti hadi nyuzi 10. Zile sentimita saba zikabaki chini ya mbili. Nikaprinti, nikaweka mezani kwa mzee, pole sikupewa mpaka leo.

Vijana mnapenda kubonyeza batani na kusubiri ripoti ya kijani. Fungueni setingi za troposfia! Kama programu yako haikadirii, CSRS-PPP, huduma ya Canada ya kukokotoa data zako mtandaoni, ni bure, inakadiria na inakuchorea grafu. Ila lisaa limoja halitoshi kutenganisha hewa na kimo, kaa manne, sita, ukiweza siku nzima, hasa pointi zikiwa moja bondeni moja mlimani. Na mteja asipotaka kulipia muda huo, andika kwenye ripoti kwamba levo ni ya sentimita kadhaa, milimita usimuahidi.