Ukisema una presha, ni presha ipi?

Mtu akisema "nina presha" barazani Lamu, atapewa pole na kila aliyeketi, na huenda kila mmoja akawa anampa pole ya jambo lake. Mmoja amefikiria karo ya shule. Mwingine amefikiria damu. Wa tatu, kama ni mzee wa miwani, amefikiria macho. Barazani hilo halidhuru. Madhara huanza mtu anapolibeba neno hilo hilo hadi kwa daktari au duka la dawa bila kulifungua.

Matumizi mengine hayana shida. "Usinipe presha" wasema vijana wote, maana yake usinikimbize, ingawa kumwambia mama au mjomba hivyo ni utovu wa adabu. Kwa mkubwa sema "nipe nafasi kidogo" na atakuelewa. Wa tuktuk Malindi akitaja presha ya tairi anazungumzia upepo. Karabai inayopigwa pampu ni taa ya presha. Hapo hakuna anayepotea njia.

Anayepotea ni yule anayechanganya presha ya mawazo na presha ya damu, akadhani moja ndiyo nyingine. Mchanganyiko huu huja kwa sura mbili. Wa kwanza husema: "Mimi sina mawazo, watoto wamesoma, nina presha ya nini?" na kwa hiyo hapimwi. Wa pili amekwisha kupimwa na kupewa dawa, lakini humeza siku anayogombana na watu au siku kichwa kinapomgonga tu, kwa sababu ndiyo siku "presha imepanda". Siku ambazo moyo umetulia, vidonge hukaa kabatini. Wote wawili wamejengea juu ya kosa moja: kwamba presha ya damu inasikika mwilini. Kwa kawaida haisikiki. Mtu anaweza kutembea na 170 kwa 100 akivuta jarife la kuvulia samaki, akicheka, akilala vizuri, na huku mishipa ya ubongo, moyo na figo inaumia. Waingereza nao hawajasalimika: jina la kitabibu la ugonjwa huu, haipatensheni, lina neno "tensheni", yaani wasiwasi, na huwafanya baadhi yao wadhani ni ugonjwa wa watu wenye hofu nyingi.

Mawazo yana mchango wake. Ukishtuka au ukikasirika, mwili hutoa adrenalini, moyo hupiga haraka, mishipa hubana, na kipimo hupanda. Ukitulia, hushuka. Huko ni kupanda kwa muda. Presha inayotibiwa ni ile inayobaki juu hata ukiwa umeketi kimya.

Kipimo huwa na namba mbili, nazo ni milimita za zebaki. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapokaza, ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea. Kwa mtu mzima, 120 kwa 80 au chini kidogo ni sawa. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, hata namba moja tu kati ya hizo mbili, na ikarudia siku nyingine tofauti, huo ni ugonjwa. Kwa mashine ya nyumbani kiwango huwa 135 kwa 85, maana watu wengi hupanda kidogo wakimwona mtu wa koti jeupe.

Lakini namba ni ya kuaminiwa ikiwa imechukuliwa sawasawa, na hapa ndipo pana makosa mengi. Mtu ametoka Shela kwa miguu, jua la saa sita, amefika Lamu mjini na jasho linamtoka, anaketishwa na mkono unafungwa hapo hapo. Hiyo si presha yake, ni ya safari. Aketi kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Nusu saa kabla, asinywe kahawa, asivute sigara. Akojoe kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha kipimo hata kwa milimita 10. Mkono ulazwe juu ya meza usawa wa moyo, maana ukining'inia chini namba hupanda. Na mdomo ufungwe. Salamu za watu wa nyumbani, nazo kwetu hazina mwisho, zimalizwe kabla ya mashine kuwashwa, kwa sababu kuzungumza tu kunapandisha.

Kuna jambo la wanawake ambalo halisemwi vya kutosha: mkono wa buibui. Mkanda wa mashine hufungwa juu ya ngozi, sentimita 2 au 3 juu ya kiwiko. Ukifungwa juu ya nguo mbili, namba haina maana. Mkono mwembamba wa buibui ukikunjwa hadi juu, nao hubana kama kamba na kuharibu kipimo vilevile. Siku ya kupimwa vaa ndani nguo ya mikono mipana au mifupi, kisha utoe mkono mmoja nje ya buibui. Omba pazia au muuguzi wa kike; ni haki yako wala hakuna atakayekushangaa. Mwenye mkono mnene naye aulize mkanda mkubwa, kwani mdogo humpa presha asiyokuwa nayo. Pimwa mara mbili, dakika moja katikati, na uandike zote pamoja na tarehe. Ukinunua mashine yako, chukua ya mkono wa juu, ya kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi.

Baada ya hapo, lugha yako kliniki ibadilike. Badala ya "nina presha", sema "nilipimwa wiki iliyopita, 150 kwa 95, na jana 148 kwa 92". Daktari atajua la kufanya bila kubahatisha.

Dawa humezwa kila siku, saa ile ile, uwe na mawazo usiwe nayo. Kipimo kikirudi sawa, maana yake dawa inafanya kazi. Kuiacha kwa sababu "presha imekwisha" ndiko kunakowaangusha wengi. Amlodipini, moja ya dawa za presha, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Ikikusumbua, mwambie daktari akubadilishie, usiache kimyakimya. Mwezi wa Ramadhani, dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi huhamishiwa wakati wa futari, lakini ulizia wiki kadhaa kabla, hasa kama unatumia ya kukojoza, maana ukiimeza daku utashinda na kiu na kizunguzungu. Na wanaokula diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti kila siku wajue kuwa dawa za jamii hiyo hupandisha presha na kuchosha figo.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni pamoja na iliyojificha. Pwani imejificha kwenye ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, na papa mkavu, achari ya embe, na viungo vya pakiti. Ng'onda iroweke usiku kucha, mwaga maji, weka mengine, ndipo upike, na chungu kisitiwe chumvi tena. Miraa na muguka hupandisha mapigo ya moyo na presha zote mbili, ya damu na ya mawazo, kwa kuwa zinaiba usingizi. Kitunguu thaumu na ndimu ni vyakula vizuri. Visiwe badala ya kidonge.

"Presha ya kushuka" nayo imekuwa jina la kila kizunguzungu. Chini ya 90 kwa 60 ndipo huhesabiwa kuwa imeshuka, na wapo wazima kabisa wanaoishi karibu na hapo. Mtu akianguka, jirani hukimbilia maji ya chumvi au soda. Kama alikuwa mgonjwa wa presha ya kupanda, chumvi hiyo ni kumwongezea. Mlaze, inua miguu yake, mpime kwanza. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea au maneno yakimtatiza, hakuna cha kupima wala kumpa mdomoni: ni hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama kipimo kimefika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua au kukosa pumzi.

Kwa mjamzito neno hili lina uzito wake. Baada ya wiki ya 20, 140 kwa 90 haitakiwi kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Zinaweza kuja hata wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Kisiwani Ndau, ambako kufika hospitali ni kwa chombo na pengine bahari imekupwa, uamuzi wa kuondoka ufanywe mapema, mchana, si baada ya degedege kuanza. Kumwambia "ni mawazo ya mimba, yatapita" ni hatari.

Presha ya macho ni nyingine kabisa. Ni maji ya ndani ya jicho yanayosukuma mshipa wa kuonea. Unaweza kuwa na presha nzuri ya damu na macho yakawa yanapotea taratibu kutoka pembeni, bila maumivu. Kipimo chake kina mashine yake, na matone yake hayabadilishani na vidonge vya damu. Uono uliopotea haurudi, kwa hiyo mwenye mzazi au ndugu aliyeugua apimwe mapema.

Na kama uliyo nayo ni mawazo, yaseme kama mawazo. Ukimwambia muuguzi "presha", atafunga mkono wako, aone 118 kwa 76, akuambie uko sawa, nawe urudi nyumbani na mzigo ule ule. Sema umekosa usingizi tangu lini, unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi, chakula kinapita au hakipiti, moyo waenda mbio ukiwa wapi, na kama umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda. Kama hali hiyo imekaa wiki 2 au zaidi karibu kila siku, itaje hivyo hivyo kwa wiki. Kama umewahi kufikiria kujidhuru, liseme hilo la kwanza.